Virginie M'Birindwa na mguu wa Elysée

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliofika hapa Kasha, Bagira, kulia pamoja nasi, familia inawasomea maisha ya Maman Virginie M'Birindwa, pamoja na sehemu moja ambayo yeye mwenyewe aliagiza isiachwe.

Alizaliwa Katana tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi kwa masista hadi 1965, akajifunza kushona, na toka 1970 alifanya kazi miaka thelathini na minne katika karakana ya ushonaji hapa Bagira, akijulikana kama fundi asiyekata kitambaa kabla ya kukipima mara tatu, wala kuamini kipimo kilichochukuliwa na mkono mwingine.

Philémon Ntakwinja alipokuja kumposa, alimngojesha miezi minane akiwachunguza wajomba zake mmoja mmoja, na ndoa ikafungwa parokiani tarehe 7 Julai 1973. Walijaliwa watoto watano, watatu wangali hai, akiwemo kitinda mimba Anne-Marie, mama yake Elysée, na Philémon alitutoka mwaka 2009.

Jumanne tarehe 11 Aprili 2023, Elysée, akiwa na miaka minne, alipasuliwa ngiri hospitalini, na Thierry, muuguzi wa ganzi, akiisha kumlaza usingizi, alimdunga sindano chini ya mgongo, ili atakapoamka asisikie maumivu toka kiunoni hadi miguuni kwa saa kadhaa. Mtoto aliamka saa tano bila chozi, akaomba beignet, yaani andazi, na hapo Virginie, koko wake, yaani bibi yake, akashituka: "Mutoto amekatwa na kisu, halie, anaomba beignet? Mulimufanya nini?" Thierry akamjibu, "Koko, iko ganzi tu, mbele ya jioni atakupiga teke," wodi nzima ikacheka isipokuwa Virginie, akakifinya kidole cha mguu cha Elysée, mtoto hakuuvuta, akafinya tena kwa kucha, vilevile.

Saa nane mchana, Anne-Marie akiwa ameenda farmasi, Virginie alilowesha taulo kwa maji ya moto ya thermosi, akaufunga mguu wa kushoto ili kuuamsha, kama yeye alivyokandwa kila alipojifungua, na mtoto, ambaye ngozi yake haikuweza kumwambia kitu, aliendelea kula huku akimtazama.

Jioni malengelenge yalitokea, wodi ikasema sindano imemchoma kwa ndani, sisi familia tukasema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote, na yeye aliyejua akanyamaza. Mguu ulipona kwa wiki tano, lakini Thierry aliondolewa chumba cha upasuaji miezi saba, na akina mama wengi wa Bagira wakaikataa sindano ile, watoto wao wakawa wanaamka wakipiga mayowe, habari zilizomfikia Virginie kila Jumapili mlangoni pa kanisa.

Agosti 2024 moyo wake ulianza kudhoofika, na tarehe 17 Novemba alimwita Anne-Marie akasema, "Muandike hii kwa historia yangu: sindano haikuchoma mutoto, ni mimi." Tulidhani ni homa inayosema, wengine wakashuku kwamba amehongwa, mpaka tulipomwuliza Elysée peke yake, naye, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu hakuna aliyewahi kumwuliza, alijibu kwamba koko alimfunga taulo ya bulu yenye kutoa moshi. Virginie alifariki Jumanne tarehe 3 Desemba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, na jana usiku bado kulikuwa na waliotaka ukurasa huu uchanwe.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani wa Kasha waliotuletea maji na kuni, na mafundi wenzake wa karakana, na kwako Thierry, ambaye tunakuona umesimama pale karibu na lango, familia inaomba radhi mbele ya watu walewale waliotusikia tukikushitaki. Akina mama, msiwanyime watoto wenu nafuu ile kwa sababu ya mguu wa Elysée.

Koko Virginie, uliyotuagiza tumeyasoma yote, pumzika sasa kwa amani.