Chale Zilipoota Magamba

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Nanyi wenzetu mliotoka bara, amani iwe kwenu. Na nyinyi wasichana mliokaa huko nyuma mnachekacheka, nawaona.

Mama mkuu wa ngoma yetu kaniomba niseme kidogo kabla hatujaanza kuimba. Kidogo mimi sikijui, mnanifahamu. Lakini leo ulimi mzito. Nataka kusimulia habari ya kichwa changu. Hii lensu niliyojifunga kichwani, nikimaliza huenda nikaivua mbele yenu. Huenda nisiivue. Naogopa, siwafichi.

Wengi mnanijua kwa kusuka. Bibi arusi wa hapa nimewasuka mimi, na wasichana wakitoka unyagoni mama zao huwaleta kwenye mkeka wangu. Mikono yangu imepita vichwani mwenu, najua nani ana kovu nyuma ya sikio na nani mvi zimemwahi. Msiogope, sisemi.

Basi ilikuwa miaka ile gesi ilipopatikana baharini. Mnakumbuka meli zile na taa zake, na wageni walivyojaa Palma mpaka bei ya samaki ikatushinda sisi wenye bahari. Kisha kijijini kwetu wakaja watu na rangi, wakawa wanatia alama kwenye minazi na kwenye kuta. Tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa huenda tukahamishwa. Mwenzangu mmoja akauliza, "Na makaburi?" Yule senyori, bwana wa kampuni aliyetuhutubia, akamtazama mkalimani, mkalimani akatazama chini. Mama yangu amelala nyuma ya nyumba yetu, chini ya mnazi uliotiwa alama. Tangu siku ile sikupata usingizi. Chakula nikawa nakitazama tu. Nikaumwa koo, nikapata homa, homa ikapoa. Ilipopoa ndipo kichwa kikaanza kuwasha.

Nikadhani mba. Nani hajapata mba? Nikaosha na sabuni ya kufulia, nikapaka mafuta, nikanyamaza. Mba haikuwa mba. Ngozi ilijaa magamba meupe, mazito, yenye kung'aa kama ya samaki. Nikikwaruza yanabanduka na chini kunatoka vitone vya damu. Yakatoka nyweleni, yakashuka kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Nikivaa buibui, mabegani utadhani nimetoka kukuna nazi.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na msusi naye hajisuki. Nilikuwa na mwenzangu, yeye akinisuka mimi namsuka, tangu tungali wanawali. Nikaenda, nikakaa katikati ya magoti yake kama siku zote. Akapasua njia ya kwanza kwa kitana. Mikono ikasimama.

"Dada, hiki nini?"

"Mba," nikasema.

Aliinuka, akaenda kunawa. Nikasikia maji, nikasikia anasugua kwa jivu, anasugua tena. Nikangoja kwenye mkeka, nywele nusu wazi. Hakurudi. Mtoto wake ndiye aliyekuja kuniambia, mama anasema ana kazi jikoni.

Ndugu zangu, nawaambia, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi hofu niliijua siku ile. Maana nilipokuwa mdogo alikuwapo mtu mwenye ukoma, akikaa peke yake karibu na mikoko. Chakula chake tulikuwa tunakiweka chini, tunarudi nyuma, ndipo anakuja kukichukua kwa vile vidole vilivyobaki. Usiku mama akitutisha kwa jina lake. Sasa kila asubuhi nikiamka, kabla sijasema hata Bismillahi, navitazama vidole vyangu.

Maneno hayana mabawa lakini huruka. Mkeka wangu ukaanza kuwa mtupu. Bibi wa bibi arusi mmoja alikuja asubuhi ya arusi yenyewe, kajifunga kitambaa kipya cha kapulana, akasimama mbali, mlangoni. "Mwanangu, leo usijisumbue," akaniambia. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniua.

Kila mtu alikuwa na lake. Wengine wakasema ni upepo wa gesi, bahari imetobolewa na sumu inatoka. Wengine wakasema jini wa baharini kaudhika na hiyo misumari inayopigiliwa nyumbani kwake, na mimi ndiye niliyeshikwa. Mimi niliyaamini yote, tena kwa pamoja. Mwenye hofu hachagui. Nikajipaka petroli, yale mafuta ya taa, ikaniunguza mpaka nikalia. Nikakwangua kwa kitana mpaka damu. Kadiri nilivyokwangua ndivyo yalivyorudi, mazito kuliko mwanzo.

Ndipo mama mkwe akanipeleka kwa mganga. Msimlaumu. Mama mkwe wangu alinipenda, na kwao mtu akiandamwa hukatwa chale, dawa ikasuguliwa ndani, mwili ukafungwa ovu lisiingie. Nanyi wengi mnazo, nami nimezaliwa katika hayo. Nikakatwa viwikoni, magotini, kifuani, na juu ya paji la uso. Nikarudi nyumbani nimetulia. Nikasema sasa imefungwa.

Vidonda vikakauka. Siku moja mchana naoga uani, jua kali, naona kila kitu. Nikatazama kiwiko. Ile mistari ya wembe ilikuwa imeota magamba. Kifuani vilevile. Magotini vilevile. Hayakutapakaa ovyo, yalifuata chale, mstari kwa mstari, kama kuna mtu kaja na kalamu akapita palepale alipopita mganga. Mahali ambapo hapakuwa na kitu nilipapeleka mimi mwenyewe kufungwa, na palepale ndipo lilipoingia.

Nilipiga ukelele, kopo likaniponyoka. Mama mkwe akaja mbio. Alipoona akajishika mdomo. "Limepata njia," akasema.

Mganga naye alipoona akaogopa, na kumwona mganga anaogopa si jambo dogo. Akasema aliyenitupia ana nguvu, sharti nikatwe upya, chale nyingi zaidi. Kisha akamtazama binti yangu aliyeshika kapulana yangu. Alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. "Na huyu," akasema. "Analala naye mkeka mmoja. Huyu akatwe mapema, kabla halijamvukia."

Mama zangu, mimi mwili wangu nilishautoa. Wangenikata vipande ningekubali. Lakini nilimtazama mtoto, ngozi yake nzima, nikaiona ile mistari yangu juu ya viwiko vyake. Sikuwa na hoja. Sikujua lolote kuhusu ugonjwa. Nilijua tu kwamba palipopita wembe ndipo ilipoota. Nikasema tutarudi kesho. Kesho yake nikamchukua mtoto nikaenda Kionga, kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba.

Nilifika nimejitanda mpaka machoni. Sikumpa hata shikamoo vizuri. Nikamwambia, "Shangazi, usinikaribie. Nina ukoma." Nikavua lensu.

Shangazi yangu haoni vizuri. Akanisogeza mlangoni penye mwanga, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akageuza huku na huku kama anayechagua nazi. Nilikuwa sijashikwa kichwa siku nyingi. Kisha akaachia pumzi.

"Hii ya babako," akasema.

"Baba gani?"

"Una baba wangapi? Wewe babako ulimwona lini bila kofia?"

Nikafikiri. Baba msikitini na kofia. Baba shambani na kofia. Baba kalala barazani, kofia. Sisi watoto tulidhani ni ucha Mungu! Kumbe shangazi yangu ndiye aliyekuwa akimpaka mafuta ya nazi kwa siri, mlango umefungwa, na baba kamwapisha asiseme. Ikiondoka, ikirudi. Ilirudi sana mwaka wa vita, ikarudi sana mama alipofariki.

"Na vidole vyake?" nikauliza. Maana hilo ndilo nililotaka kujua.

"Babako kafa mzee, kwa homa. Vidole vyote anavyo, na ubishi wote anao." Halafu akasema, "Lakini mimi si daktari. Twende hospitali."

Pale Palma wakatuandikia twende Pemba, kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mama wa makamo, anasema Kireno, na muuguzi ananifasiria. Alinitazama kichwa, viwiko, akatazama kucha zangu zilizokuwa na vitundu vidogovidogo kama vya kastabini, ile kofia ya kidole cha mshonaji. Kisha akachukua pamba, akaisokota ncha. Muuguzi akaniambia, "Funga macho, mama. Daktari atakugusa penye magamba. Ukihisi, sema."

Kwa nini, nikauliza. Akaniambia mabaka ya ukoma aghalabu hufa ganzi, hayahisi.

Nikafunga macho. Wallahi sijawahi kuwa na hofu kama ile, hata wakati wa kuzaa. Nilisikia feni. Nikasema moyoni, keshagusa na mimi sikuhisi, imekwisha, mtoto wangu atakuwa ananiwekea chakula chini. Kisha kwenye kiwiko, juu ya chale, kitu chepesi kikapita kama mguu wa nzi.

"Nahisi," nikasema. Kwenye goti. "Nahisi." Juu ya paji. "Nahisi! Nahisi!" Nilikuwa napiga kelele, na daktari akacheka na kunishika bega. Kwa mkono mtupu, dada zangu, bila glavu.

Akasema si ukoma, si mapunye, si jini. Jina lake soriasi. Haiambukizi, si kwa kitana, si kwa mkeka, si kwa kusukana. Mwili wenyewe unakosea, kinga yake inaiharakisha ngozi, ngozi mpya inakuja kabla ya ile kuukuu kuondoka, basi zinapandana. Asili yake aghalabu iko katika damu ya ukoo, inalala. Kisha kitu huiamsha. Akaniuliza iliponianza kulikuwa na nini. Nikamwambia koo, homa. Nikamwambia minazi na kaburi la mama. Akatikisa kichwa kuafiki. Akasema koo huweza kuiamsha, na dhiki ya moyo huweza. Gesi yenyewe haikunigusa. Hofu ya gesi ilinigusa.

Nikamwonyesha chale. Nikamuuliza, "Na hizi? Limeingiaje hapa?" Akasema ndiyo tabia yake. Kwa wengine wenye soriasi, ngozi ikijeruhiwa, iwe kwa wembe, moto au kukwangua, hujitokeza palepale kwenye jeraha. Hakuna aliyenifuata. Nilikuwa nailimia shamba mwenyewe, kwa kitana, kwa petroli, kwa wembe. Nikamkumbuka binti yangu na ule wembe, nikakaa chini.

Akanipa dawa ya maji ya kutia kichwani, pomada ya kulainisha magamba, na sabuni nyeusi yenye kunuka lami. Mafuta ya nazi hakunikataza: nipake, yalale mpaka magamba yalainike, nioshe taratibu, nisibandue kwa kucha. Ile dawa kali nitumie kwa kipimo chake, nisiongeze wala nisikatishe kwa kujiamulia, na zile pomada za sokoni za kujichubulia nisiguse. Nisisuke kwa kukaza. Nikinywa dawa ya ugonjwa mwingine wowote, hata wa malaria, nimweleze daktari kwanza, na viungo vikianza kuuma nirudi upesi. Akasema wazi haiponi ikaisha kabisa, lakini hutulizwa. Nami nasema kweli, ilitulia. Ilirudi tena walipotangaza mkutano mwingine wa kuhama. Ikatulia tena. Binti yangu kichwa chake safi mpaka leo. Huenda ikamjia siku moja. Ikija, hatavaa kofia mpaka kufa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi yangu kwa mikono yake, yule daktari kwa pamba yake. Na namshukuru mama mkwe, ambaye nilirudi nikimwogopa, akanisikiliza mpaka mwisho, na tangu siku ile yeye ndiye anayenikamulia tui na kunipikia mafuta ya kupaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nawaambia na hili: baba yangu hakuficha kwa kupenda. Alificha kwa sababu yetu, tunaosugua mikono kwa jivu.

Sasa nimefika palipo pagumu.

Nimeingia hapa nikahesabu mikeka kwa macho. Yote imejaa ila mmoja, huo una mtu mmoja tu. Simtaji. Amejifunga lensu mpaka nyusi, kama mimi nilivyojifunga. Nilimwona juzi mwenzake akimsuka, nikaiona mikono ikisimama. Naujua ule mkono unaposimama, hata ukiwa mbali.

Basi, Bismillahi. Naivua. Tazameni. Ndiyo, ile nyuma ya sikio ndiyo yenyewe, na hapa mbele imerudi wiki hii, kwa hofu ya kusimama mbele yenu. Tazameni vizuri, msitazame ardhi.

Na nywele zangu hazijasukwa. Nimekuja nazo hivi makusudi. Mwanangu, wewe uliye peke yako, sogea. Nitakuja mimi, usiinuke. Nikae hapa katikati ya magoti yako. Chukua kitana, pasua njia, usikaze.

Wengine mliobaki, mkeka bado una nafasi.