Kidole cha Delko na Jumamosi za Mwalimu Octave

Huu ni wasifu wa marehemu Mwalimu Octave Lukamba, na anayeusoma ni mdogo wake, Joël Kalonda, fundi wa matofali. Mchungaji amekumbusha kwamba wasifu hausomwi kwa "mimi, mimi". Sawa. Joël ataitwa Joël kama mtu mwingine yeyote. Mwenye karatasi mkononi atasikia pia maneno ambayo hayakuchapwa, avumilie. Na atakayesikia wivu humu ndani asishangae, upo, na mwenyewe anaujua.

Mwalimu Octave alizaliwa Lusangi tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa baba André Lukamba na mama Régina. Joël alimfuata miaka minne baadaye. Mama alizoea kusimulia kwamba Octave alizaliwa jua likichomoza, na majirani wote wakaja kumwona. Kuhusu Joël alisema tu kwamba siku ile mvua ilinyesha sana.

Octave alisoma shule ya msingi Lusangi, kisha mwaka 1967 akapelekwa Kasongo kwa wamisionari, akapata diplome yake mwaka 1974. Baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja. Octave alipewa sanduku la bati na viatu. Joël alipewa kalibu ya matofali. Octave alipokuja likizo, watu wa Lusangi walitoka nje kumwangalia akitembea. Kutembea tu, jamani! Joël naye alitembea kila siku, na hakuna aliyetoka nje.

Octave alifundisha hisabati Kabambare tangu 1975 hadi 1984, kisha hapa Kasongo mpaka alipostaafu mwaka 2015. Wanafunzi wake wamejaa uwanja huu mpaka barabarani. Joël amewaona tangu asubuhi, na roho imemuuma kidogo, maana akifa fundi wa matofali hawatakuja hata nusu yao.

Tarehe 28 Julai 1979 alifunga ndoa na Consolée, binti wa Kabambare, na Mungu akawapa watoto watatu. Walipendana kweli kabisa, lakini kuanzia mwaka 1986 mama Consolée alikuwa na neno lake: "Mimi niko muke wa pili. Wa kwanza analala mu garage."

Huyo wa garage mnamjua wote. Mkubwa mmoja wa kampuni ya pamba, akirudi kwao, alimwachia Octave, mwalimu wa watoto wake, motokari ya mbio ya mwaka 1969: nyekundu, milango miwili, iko chini kama mtu aliyechuchumaa. Barabara zetu mnazijua. Octave alikwenda Nyangwe kwa mhunzi, akafuliwa vyuma vya kuinua springi ili tumbo la motokari lisikwaruze mawe. Kila Jumamosi alitoa buji zote nne, zile plagi za moto, akazisugua kwa brosi. Mafuta ya kopo aliyachuja kwa kitambaa cheupe kabla ya kuyatia. Joint za karbirateri, zile za kuziba mafuta yasivuje, alizikata mwenyewe kwenye karton ya sabuni, kwa wembe, ulimi nje.

Joël aliimezea mate motokari ile. "Yaya, acha nishike usukani hata mara moja tu," aliomba, maana kwetu kaka mkubwa huitwa Yaya. Octave alicheka kwa upole, akajibu: "Mudogo wangu, hii motokari haipende mikono ya udongo." Pengine aliona ni utani. Joël alinawa mikono siku ile mpaka ngozi ikauma.

Mwaka 1994 Joël alimwoa Cécilia. Octave alimbeba bibi arusi kwa motokari yake, wema wa kweli, hakuna wa kukataa. Lakini vigelegele vyote vilipigiwa motokari. Na kwenye foto ya arusi, ambayo iko ukutani mpaka leo, mpiga foto alitaka motokari yote ionekane, basi Joël amebaki bega moja na sikio.

Vita vilipofika mwaka 1998, askari walichukua kila kitu chenye magurudumu. Ni Joël aliyesema: "Yaya, tuijengee tanuru." Wakavua magurudumu, wakaisukuma nyuma ya shamba, na Joël akaizungushia matofali mabichi elfu tatu, akaacha matundu ya kuni chini, akapaka matope juu. Ukiangalia, ni tanuru linalosubiri moto. Octave na familia walikimbilia upande wa Kabambare. Joël alibaki. Askari walikuja mara tatu. Mara ya tatu mmoja aliuliza: "Juu ya nini hauchome hii tanuru?" Joël akajibu: "Matofali hayajakauka, chef." Miaka sita hayakukauka, mvua na kiangazi. Alipigwa fimbo kumi na tano kwa uvivu.

Amani iliporudi, mwaka 2004, tanuru lilifunguliwa. Octave alifanya kazi wiki tano, akasafisha tanki, akafungua karbirateri, akabadilisha mipira ya freni, na siku moja ikawaka. Mji mzima ulikuja. Octave alisimama juu ya kiti akalia machozi: "Mungu ameichunga motokari yangu!" Watu wakaimba. Kuhusu matofali, kimya. Kuhusu fimbo, kimya. Donge likamkaa Joël rohoni, wali wa sikukuu akauacha kwenye sahani.

Karatasi mlizo nazo zinasema hapa: "kifaa kimoja kilipotea". Joël anaisahihisha kwa mdomo wake, mbele ya sanduku alimolala ndugu yake. Hakikupotea. Jumamosi iliyofuata, Octave akinywa chai ndani, Joël alifungua kifuniko cha delko akachomoa kile kidole kidogo kinachozunguka ndani na kugawia buji moto. Kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Bila hicho motokari ni kabati. Alikificha ndani ya kopo la sardini, chini ya matofali yake.

Octave alifungua delko, akaangalia muda mrefu, akasema: "Kimepotea." Hakuuliza mtu. Aliagiza Bukavu, akaagiza Lubumbashi. Kisha akamwambia Joël: "Motokari bila moto inaoza. Kuya kila Jumamosi unisaidie."

Ndiyo hivyo ilivyokuwa miaka ishirini. Walizungusha moteri kwa mkono isikwame, wakapaka grisi, wakajaza magurudumu upepo. Mikono ya udongo ikaruhusiwa. Octave alimfundisha kila kipande jina lake na kazi yake, na kwa mara ya kwanza Joël alikuwa na kaka peke yake, bila wanafunzi, bila kijiji. Mara nyingi alitia lile kopo mfukoni akitaka kulirudisha. Akifika mlangoni alifikiri: ikiwaka, Yaya atarudi kubeba mabibi arusi, na mimi nitarudi kwenye matofali yangu. Hata zile Jumamosi alizionea wivu, akazilinda kwa wizi.

Mwezi wa Februari mwaka huu tension, presha ya damu, ilimpanda Octave, upande mmoja wa mwili ukalala. Alihudumiwa hospitalini, akafariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa. Joël alikuwa amemshika mkono. Alianza: "Yaya, kile kidole cha delko..." Octave akafinya mkono wake, akasema: "Jumamosi." Hakusema neno lingine tena.

Jana Joël alimpelekea mama Consolée lile kopo, akaungama. Mama hakushtuka. Alifungua sanduku la bati la shule, akatoa kidole kipya, bado kimefungwa katika karatasi yake.

"Kilitoka Bukavu mwaka 2007," alisema.

"Na hakukiweka?"

"Siku ile ile cha zamani kilipopotea, aliona udongo wa vidole vyako juu ya kifuniko. Hiki kilipofika, akaniambia: 'Mbele ya watu nilishukuru Mungu, Joël nikamusahau. Aibu inanishika kumuambia. Motokari ikiwaka, hatakuya tena Jumamosi. Acha ikae.'"

Kumbe wawili walikuwa wanaizuia motokari moja.

Ameacha mjane, mama Consolée, watoto Yvette, Amani na Emmanuella, wajukuu saba, na mdogo mmoja. Ameacha pia motokari, ambayo asubuhi hii ilipata kidole chake kipya na kuwaka kwa jaribio la tatu. Mmeiona ikitangulia sanduku, Joël kwenye usukani, mikono haikuoshwa vizuri. Watu waliangalia motokari, si dereva. Mara hii haikumuuma.

Kidole cha zamani kiko katika mfuko wa shati la marehemu. Joël amekirudisha. Yaya Octave, Mungu akupe kulala bila maumivu, na ardhi ya Kasongo ikupokee vizuri. Leo ni Jumamosi, na mdogo wako amekuja.