Safu Tatu Zisizotiwa Dawa

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Minyoo naye akaitika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, na mdogo wake anayewasomea haya anaapa kwamba ubishi alizaliwa nao, maana mama alisimulia kuwa hata kunyonya alinyonya kwa saa anazotaka yeye.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1981, akasomea magonjwa ya miti chuo kikuu, na tarehe 1 Julai 1988 akaajiriwa kituo cha utafiti, chumba cha mwisho wa korido, chenye sinki linalovuja, humo akahangaika maisha yake yote na jambo moja, kwamba dawa ya kuua minyoo ya mizizi ikimwagwa hunaswa na udongo wa juu, minyoo huko chini inastarehe, watu wanaongeza dawa, visima vinaharibika, na miti inakufa vilevile. Hatimaye yeye na wenzake kituoni wakatengeneza chembe za nano, ndogo hata darubini yake haikuziona, zinazobeba dawa, zinapenya udongo na kuiachia penye mizizi, habari aliyotueleza katika kila shughuli ya familia, hata kwenye harusi ya mdogo wake, keki haijakatwa.

Tarehe 9 Desemba 1990 aliolewa na shemeji yetu, mkulima wa michungwa, mtu mpole kupita kiasi, wakajaliwa binti mwaka 1992 na mwana mwaka 1995. Sasa hapa ndipo alipotuchosha. Minyoo ilipovamia shamba la shemeji mwaka 2021 tulishangilia, tukijua mganga yumo ndani, kumbe wapi! Alitia dawa safu tatu, tatu nyingine akakataa katakata, akisema pasipo miti ya kulinganisha watu watadai ni mvua iliyoponya, na mashamba ya wengine yataendelea kufa. Shemeji alibembeleza, mama mkwe alilia, mdogo wake alimwambia wazi huo ni wazimu, ikawa kumpigia mbuzi gitaa.

Ini lilianza kumsumbua Januari 2024, akatakiwa alazwe, akajibu atalazwa akishapima mizizi. Sikio la kufa halisikii dawa, na hatutanii, tumekasirika. Alifariki tarehe 2 Juni, akiwa amemsihi mumewe safu zile zisiguswe kabla ya mavuno.

Jana mdogo wake alichoka, akabeba pampu na dawa iliyobaki stoo akaziponye safu zile, yaishe, akamkuta shemeji, mpole yule yule, amesimama mbele ya michungwa yake inayokauka, mikono ameitanua, macho mekundu, anasema mavuno bado.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao mavuno yakifika watakuja kupima. Mlioegesha magari shambani, chondechonde, msiikanyage mizizi.

Umeshinda tena, dada. Haya, sasa pumzika kwa amani.