Kilemba cha Chacha Yaqub Chini ya Hema la Pamba

Mheshimiwa Meja Tanvir wa jeshi letu. Hajji Ilyas, mwenye karakana. Ustadi Karam Din, mshonaji ambaye hata sindano humwamkia. Wazee, majirani, nanyi mliofuata harufu ya pilau: Assalaam aleikum.

Mimi ni Guddu, mtoboa matundu ya kamba. Shule niliiacha darasa la sita, na mpaka leo haijapata wa kuziba pengo langu. Nimeteuliwa kusema kwa sababu Meja ameagiza tukae humu hemani wakati gari la zimamoto linatumwagia maji kwa juu, na Lahore nzima hakuna awezaye kusema mpaka tangi likauke isipokuwa mimi.

Mnausikia mvumo huo? Si gharika, ni mtihani. Hema likibaki kavu ndani, jeshi litatuagiza sisi tulishonee mahema ya milimani. Likivuja, Hajji ameapa kuuza cherehani zote na kuigeuza karakana ukumbi wa harusi. Sisi mafundi twende wapi, tukapige ngoma?

Lakini ndugu zangu, litavujaje? Tazameni turubai hili: pamba nzito iliyonyweshwa nta, mishono iliyokunjwa mara mbili, pembe zenye viraka vya ngozi, na kila tundu lina pete ya shaba niliyoipigilia kwa mkono huu. Mwenye shaka avute kamba. Utang'oka mkono wake kwanza. Hajji alitaka tushone kwa uzi wa nailoni, eti ndio wa kisasa. Ustadi akamjibu, "Hajji Sahibu, uzi wako hauna kiu. Wa pamba ukinywa maji hunenepa, ukaliziba tundu lililoachwa na sindano." Wakanuniana wiki nzima, wakitumiana chai kupitia kwangu, nami nikiipunguza njiani.

Jamani, subirini. Tone limemwangukia Hajji begani. Hajji, usinitazame mimi, geuka nyuma: ami yetu Chacha Yaqub na kilemba chake chenye shungi lililokazwa kwa wanga likasimama wima! Chacha, shungi limegusa paa. Turubai lililolowa likiguswa kwa ndani huita maji. Wala sikwambii uvue. Nani hapa atamvua mzee kilemba mbele za watu, kisha arudi kwao apewe chakula? Wewe kaa tu, taratibu, kama bibi harusi.

Na Ustadi huyo, ameinuka. Mheshimiwa Meja, angalia kidole hicho: anakiweka palipodondoka, anakiburuta juu ya turubai mpaka chini kabisa ukutani, na maji yanakifuata kama ndama aliyefungwa kamba. Bega la Hajji limepona. Enyi mnaoshona plastiki mtaa wa pili, mna kidole kama hicho?

Sasa kimya. Tangi limekwisha. Meja anapapasa mshono mmoja, na wa pili, anatazama kiganja chake. Ananiita. Anasema nitangaze mimi, maana sauti yangu imeshalishinda bomba: kazi ni yetu, ila nguzo ya kati iongezwe shubiri moja, kwa heshima ya vilemba.

Hajji, lia tu, hayo ndiyo maji pekee yaliyobaki humu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mkiwa wakavu.