Bonaventure ndani ya Kitenge

Taksibasi liliposimama Sange, Louise alimwona mwanamke akihangaika mlangoni na furushi la kitenge kifuani. Akanyoosha mikono kama mtu yeyote angefanya. "Leta mutoto, mama, upande kwanza."

Mwanamke akasita, kisha akampa.

Mtoto gani mzito hivi, tena wa baridi? Gari lilipoondoka Louise akafunua kitenge ili mtoto apate hewa, akakutana na uso wa mwanaume mzima mwenye masharubu, macho yamefumbwa. Alipiga yowe hata dereva akakanyaga breki.

"Usiogope, mama, iko kichwa ya udongo tu," mwanamke alisema akilichukua furushi taratibu. "Ni bwana yangu, Bonaventure. Bateau ilizama naye, hatukupata hata maiti ya kuzika. Nilikuwa silali. Sasa niko namufinyanga. Nikikosea pua, nabomoa, naanza tena. Siku nimeshika udongo, usiku nalala. Huyu napelekea mama yake kule Kalundu, amuone."

"Hiyo ni uchawi!" Louise alisema. "Ita pasta aivunje!"

"Pasta alikuja. Alisema masikio iko kubwa sana."

Watu wa nyuma wakacheka. Louise hakucheka. Alijipangusa mikono kwenye nguo, akajipangusa tena, akageukia dirisha mpaka Kilibula.

Hapo alishuka mbiombio kama anayekimbia moto. Kisha akarudi, akashika ukingo wa dirisha la yule mwanamke.

"Na mutoto mudogo," aliuliza, "kama alikufa bila foto, weye unaweza kumufinyanga?"