Injini Aliyoiacha Kassimu

Kijiwe chetu kipo Rusimbi, mbele ya duka la nyavu, ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na kila mtu anajua pake. Kahawa anamimina Omari. Tunamwita Kashata kwa sababu hajawahi kuwa nazo. Thobias ni Meli. Alipaka grisi injini za meli ziwani kwa miaka kumi na minne. Telesphory ni Dokta, ingawa hajatibu mtu. Aliendesha magari ya kambi za wakimbizi mpaka macho yakamshinda. Mimi wananiita Baba Kassimu, na bado wananiita hivyo, japokuwa Kassimu tulimzika miezi saba iliyopita. Asubuhi hiyo gari lake lilikuwa limesimama mbele yetu, la petroli, difu mbele na nyuma, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe nisichokinywa.

Niseme nilichokuwa nakiogopa. Mke wa marehemu, Hasna, yuko Kalinzi, katika nyumba aliyoijenga Kassimu, anakaa eda, na eda ya mjamzito huisha siku anapojifungua. Alfajiri ile jirani yake, Mama Ciza, aliteremka kwa pikipiki kuniletea habari. Uchungu umeanza, na muuguzi wa zahanati amempapasa Hasna, mtoto amelala mkingamo, kichwa hakiko chini. Afikishwe hospitali ya mjini kabla ya adhuhuri. Gari la wagonjwa limeshakwenda kijiji kingine. Kutoka kwenye lami hadi mlangoni kwa Hasna ni udongo mwekundu na mteremko, na usiku kucha mvua ilinyesha. Teksi haipandi kule. Linapanda hili la Kassimu.

Mama Ciza alikwenda duka la dawa kununua glovu na pamba. Mimi nilimngoja kijiweni, kwa sababu mwanaume hamchukui mkwewe mwenye uchungu peke yake. Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

— Dokta, injini ya petroli kama hii, ikitunzwa vizuri, inaishi muda gani?

Dokta akaweka kikombe chini. Swali la gari kwake ni kama kuitwa mimbarini.

— Ikitunzwa vizuri? Kilomita laki tatu ni utoto huo. Laki nne ni kawaida. Laki tano, kama dereva ana adabu.

— Hii imepita laki nne na ishirini na tano.

— Basi ndiyo kwanza inaota ndevu! Kambini tulikuwa na moja ilifika laki sita. Ikauzwa. Aliyeinunua akaolea nayo.

— Petroli hiyo? Meli aliguna. Petroli ni moto wa mabua, Dokta. Usimdanganye mzee wa watu. Inayozeeka ni dizeli.

— Wewe injini zako zilikuwa zinaogelea. Hazijapanda mlima hata mmoja.

— Injini ni injini! Ile yetu ilimzidi umri babu yako na ilikuwa inanguruma. Unajua siri yake? Haizimwi. Injini haiuawi na kilomita, inauawa na kuzimwa. Ndiyo maana wakasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Wewe fikiri polepole.

Kashata alicheka, akanijazia kikombe ambacho kilikuwa kimejaa, kahawa ikanimwagikia vidoleni. Sikuhisi moto wake. Nilikuwa nalitazama gari. Nililizima mwenyewe nilipofika, na sasa maneno ya Meli, ambaye kila mtu anajua ni mwongo, nilikuwa nimeanza kuyaamini.

— Sasa mimi, alisema Kashata, naona nyote mnapapasa gizani. Kilomita si hoja. Dizeli, petroli, si hoja. Injini inafuata mkono. Hii ilizoea mkono wa marehemu. Mkono ukiondoka, injini inabaki inasikiliza. Inasikiliza, inasikiliza, halafu siku moja inaamua.

— Kashata, acha hayo.

— Si utani, Dokta! Mjomba wangu wa Kidahwe alipokufa, pikipiki yake ilizima siku ya arobaini. Siku ileile! Watu wanasoma hitima, pikipiki kimya.

— Ilikuwa haina mafuta.

— Ilikuwa na nusu tangi! Damu nzito kuliko maji, kaka.

— Astaghfirullah, nilisema. Omari, chuma hakina roho. Mwisho wa kila kitu anaujua Mwenyezi Mungu.

— Ndicho ninachosema, Baba Kassimu. Imeshaandikwa. Sisi hatujui imeandikwa kilomita ngapi, basi.

Alisema kwa upole, hakukusudia baya. Lakini moyoni niliona gari hilo limekwama juu ya ule mteremko, na Hasna nyuma, na mvua. Hasna amembeba mtoto wa mwanangu. Kassimu hakuacha mwingine.

Meli aliona uso wangu. Ana moyo mzuri, ila akitaka kukufariji hujui ujifiche wapi.

— Usiogope, mzee. Chota maji ya ziwani, utie kwenye rejeta. Ziwa hili halina mwisho, na maji ya chini kabisa hayajawahi kuona jua. Injini ikionja maji hayo haichemki mpaka kiama.

— Unayafikiaje hayo ya chini kabisa? Kashata aliuliza.

— Mtaka cha mvunguni huinama.

— Utainama mita elfu moja? Wewe Meli, mkeo huwa anakuvumilia vipi?

— Injini hii itafika milioni! Dokta alipiga ubao kwa kiganja, kahawa zikaruka. Milioni, nawaapia! Kwa sababu inatunzwa. Tumeitunza sisi. Au uongo?

Hilo halikuwa uongo wote. Siku ya arobaini ya Kassimu kijiwe kizima kilisimama uani kwangu, wakaahidi kwamba gari lake halitalala. Ndivyo tunavyofanya hapa. Mtu akifa, kazi yake hugawanywa kama sadaka, jina lisikatike. Meli alichukua matairi. Kashata alichukua maji ya rejeta na kuliosha kila Ijumaa. Dokta alikaa pembeni yangu mwezi mzima mpaka nikaizoea klachi. Tangu hapo ninapanda Kalinzi na kushuka na watu na maharage yao, na kwa nauli hiyo Hasna anakula.

Mama Ciza akarudi na mfuko wake. Ni mwanamke mwembamba, wazazi wake walitoka Burundi, na kwa magari hajui zaidi ya kupanda na kushuka. Alitukuta bado tumeshikana kwenye milioni.

— Mwaramutse, baba zangu, alitusalimu kwa Kirundi. Tunaondoka?

— Mara moja, mama, alisema Dokta. Tunampa mzee moyo. Gari likitunzwa vizuri, safari hii si kitu.

— Vizuri hivyo. Mimi huyo Kassimu nilikuwa namwona kule kwetu. Kila mwisho wa mwezi analala chini ya gari, anatoa mafuta meusi, anatia mapya. Watoto wanamcheka, sura yote nyeusi. Akatutazama mmoja mmoja, akiwa hana neno baya moyoni. Sasa hiyo kazi anaifanya nani?

— Meli, alisema Dokta.

— Mimi? Mimi ni matairi! Oili si wewe? Wewe ndiye dereva.

— Mimi nilimfundisha mzee kuendesha. Nilijua ni Kashata, si ndiye anayefungua boneti kutia maji?

— Maji nachungulia tu kwa tundu la rejeta, alisema Kashata, na sauti yake ilikuwa imepungua. Kijiti cha kupimia oili sijawahi kukigusa. Nilidhani ni... nilidhani ni Baba Kassimu mwenyewe.

Wakanigeukia wote watatu. Nikaweka kikombe chini.

Dokta aliinuka, akafungua boneti. Upande wa ndani, pembeni mbali na rejeta, kulikuwa na maandishi ya chaki, na herufi zile nilizijua kabla sijazisoma, kwa sababu nilizifundisha mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga. OILI 412,300. NYINGINE 417,300 INSHALLAH.

Hakuna aliyetaka kwenda kusoma namba ya kwenye dashibodi. Mama Ciza ndiye aliyechungulia dirishani, akatutajia tarakimu mojamoja kama mtoto wa darasa la kwanza. Nne. Mbili. Tano. Nane, moja, sita.

— Mana yanje, Mungu wangu, alisema, kwa sababu aliona nyuso zetu.

Dokta akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa cha Kashata, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilikuwa kimelowa kwenye ncha tu, weusi mzito kama lami.

— Ile ya kambini, alisema polepole, ile ya laki sita, ilikuwa na fundi wake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hata tukiwa na wagonjwa, inasubiri oili mpya kwanza.

— Baba, Mama Ciza aliniuliza, na wewe hukusikia kitu?

— Nilisikia. Siku ya tatu leo, inagonga mlimani.

— Na hukusema?

— Niliogopa kufungua hapo. Nilijua mwandiko wake upo.

Hakuna aliyenilaumu. Kashata alikimbia mpaka kwa muuza oili wa barabarani, akarudi na galoni mbili, kandambili moja imekatika. Meli akauliza kama ya zamani imwagwe kwanza. Dokta akatazama jua, akasema hakuna muda wa kulala chini ya gari, tia mpya juu ya hiyo, ya kumwaga itamwagwa Hasna akishafika. Akamimina kwa haraka, oili nyingine ikamwagikia juu ya injini.

Nilikaa kwenye usukani. Mama Ciza alipanda nyuma, akatandika khanga kwenye kiti mahali atakapolazwa mwenzake.

— Dokta, niliuliza, itafika?

Hakunitajia kilomita. Alizunguka, akafungua mlango wa pili, akakaa, galoni iliyobaki katikati ya miguu yake.

— Endesha pole, Baba Kassimu. Mlio ukibadilika, niambie hapohapo. Usiuvumilie.

Meli na Kashata walibaki wamesimama kando ya ubao, vikombe mkononi. Tulipita Mwandiga. Kilima kilipoanza niliingiza gia ya pili, na nyuma yangu Mama Ciza akaanza kusali kwa Kirundi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kwa Kiarabu. Dokta, ambaye ni Mkatoliki, hakusali. Aliweka kiganja juu ya dashibodi na kukiacha hapo, kama mtu anayepima homa ya mtoto.