Mzee Zamu, Mpanga Taa za Makutano

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, familia imenituma nisimame mbele yenu niwasomee safari ya mpendwa wetu, ambaye tangu ujana wake mlimwita Zamu, na uzeeni mkamwongezea Mzee, hata wajukuu wakadhani ndilo jina alilozaliwa nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu kati ya watano wa mama mwalimu na baba fundi umeme, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1972, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mwaka 1976, na wadogo zake wanakumbuka kwamba hata foleni ya bafuni nyumbani kwao yeye ndiye aliyeipanga, nani aingie na nani angoje, na ole wake aliyeiruka.

Mnamo Februari 1977 aliajiriwa na idara ya barabara ya manispaa, kitengo cha taa za kuongozea magari, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda pembeni mwa makutano akihesabu magari, baiskeli na waenda kwa miguu wa kila upande, kisha kurudi ofisini na kuamua upande upi upewe kijani kirefu na upi uvumilie, na hapo ndipo lilipotoka lile neno lake la kila siku, zamu, zamu, zamu, mpaka likamganda.

Mke wake, Mama yetu aliyeketi hapa mbele, alimpata kwa kosa la kazi, na mwenyewe hakuwahi kulificha, kwani Desemba 1979 alihesabu makutano yaliyo karibu na shule ya msingi akasahau kabisa kwamba shule zimefungwa, taa zikawashwa kwa hesabu hiyo, na Januari watoto waliporudi kwa mamia wakakuta kijani chao kinazimika wangali katikati ya barabara. Zamu akawa anasimama pale mwenyewe asubuhi na mchana kuzuia magari kwa mikono mpaka mtambo urekebishwe, na fundi cherehani mwenye duka lililotazamana na makutano, alipochoka kuona madereva wakimpita kama mlingoti, alikata kipande cha kitambaa chekundu akampelekea, akamwambia, kaka, shika hiki, mikono mitupu hawaioni. Kijani cha watoto kiliongezwa juma lile lile, lakini Zamu aliendelea kuja na kigoda chake mbele ya duka, hadi wenzake ofisini wakamuuliza haya ni makutano gani yasiyokwisha kuhesabika, na hesabu hiyo ilifungwa tarehe 6 Machi 1982 kwa ndoa, ambayo Mungu aliibariki kwa watoto watatu na wajukuu watano.

Wala tusidanganyane, taa zilimchukua sana, maana umeme ukikatika ameitwa, mvua ikinyesha yuko barabarani, chakula chake kinafunikwa mezani mpaka kinapoa, na Mama alikuwa akimtania, wewe umewapa zamu hata wasukuma mikokoteni, mimi zamu yangu lini, naye hujibu, nikistaafu, mke wangu. Alistaafu tarehe 30 Juni 2012, na ahadi aliitimiza, wakawa wanatoka pamoja kila jioni, mkono kwa mkono, hadi makutano ya shule, wakisimama kungoja kijani hata barabara ikiwa tupu, watoto wakiwacheka. Mama anasema hakushiba jioni zile.

Mwezi Februari 2014 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa mara kadhaa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2015 alitutoka, Mama akiwa amemshika mkono. Juzi Mama alikwenda pale makutano peke yake, kijani cha kuvukia kikawaka na kuzimika, kikawaka tena, naye hakuvuka, kwa sababu, anasema, hajui kuvuka bila mkono ule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kulala nasi msibani, wenzake wa kitengo, na ndugu zetu askari wa usalama barabarani waliojitolea kutusafishia njia ili msafara usisimame popote hadi makaburini, lakini kwa hilo, askari wetu, mtuwie radhi, Mama ameomba msifanye. Tutapita makutano ya shule, na taa ikiwa nyekundu, dereva asimame, na wote walio nyuma yake wasimame, kwa kuwa tunayemsindikiza hakuwahi kuiruka hata moja, na kwa kuwa Mama anataka akae naye nyekundu moja zaidi.

Pumzika kwa amani, Mzee Zamu, Mama hana haraka.